Kabla Hujakwenda Kuonana Naye: Khabari za Posa katika Tarime na Serengeti



Wazazi wetu wa pwani, khasa akina mama, siku hizi wana swali moja ambalo hawachoki kuliuliza. Mwana amesoma, amepata kazi ya ualimu au utabibu, au ameajiriwa katika mgodi wa dhahabu wa Nyamongo, au katika hoteli za watalii zilizo pembezoni mwa mbuga ya Serengeti. Ameagwa Tanga au Pangani au Unguja, akafika Tarime au Mugumu, na haukupita mwaka ila simu imekuja: "Mama, nimemwona binti wa huku. Jumapili huwa tunaonana." Mama hushika kichwa. Mwengine hukataa pale pale, mwengine hunyamaza, na mwengine huja kuuliza mwana aambiwe nini.

Nami naona kwamba mwana huyu hawezi kuambiwa jambo la maana kabla ya yeye na wazazi wake kuijua nchi aliyoingia. Kuonana kwa kijana na msichana si jambo geni Mara, kama lisivyokuwa geni popote. Lakini kila nchi ina mambo yake yaliyojificha nyuma ya miadi, na huko Mara yaliyo nyuma ya miadi ni ng'ombe, na nyuma ya ng'ombe yuko kaka wa yule msichana. Asiyeyajua haya ataingia nyumba ya watu kwa mlango wa nyuma, ilhali mwenyewe anadhani amekaa mkahawani anakunywa soda.

Hebu tuitazame nchi yenyewe. Tarime ni nchi ya miinuko, yenye baridi na mvua, kusini ya mpaka wa Kenya. Na Serengeti, ambayo makao yake makuu ni Mugumu, iko kusini yake, ng'ambo ya mto Mara. Wenyewe wa Tarime ni Wakurya, wakulima wa mtama, ulezi, mihogo na mahindi, na wafugaji wakubwa. Serengeti wako Wakurya pia, pamoja na Wangoreme, Waikoma, Wanata na wengineo. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikaa Ulaya wakapiga mstari kutoka mdomo wa mto Umba, hapa hapa pwani kwetu, hata ziwa la Victoria. Mstari ule ukawapasua Wakurya nusu mbili, na mpaka leo ukoo mmoja una watu wake Kenya na watu wake Tanzania. Nimelitaja jambo hili kwa kuwa ng'ombe wa mahari, na wale wa wizi pia, wamekuwa wakiuvuka mstari huo kwa zaidi ya miaka mia.

Zamani kijana na msichana walionanaje? Walionana kama wanavyoonana vijana wa nchi zote za mashamba: mtoni kwenye maji, sokoni, katika kazi za kusaidiana kulima, na khasa katika ngoma, pale linapopigwa litungu, kinubi kile cha Wakurya chenye nyuzi nane. Walionana mbele za watu. Asidhani mtu kwamba kulikuwa hakuna mazungumzo wala mapenzi. Yalikuwapo, bali yalikuwa na macho ya kuyatazama. Na swali la kwanza halikuwa "wanipenda?" bali "wewe ni wa mlango gani?" kwani watu wa mlango mmoja ni ndugu, na ndugu hawaoani. Hilo hata leo lamfaa kijana mgeni kulijua. Akiulizwa na mzee wa Tarime ukoo wake na kwao ni wapi, asione kwamba anapelelezwa. Hiyo ndiyo salamu yenyewe.

Lakini kulikuwa na mlango mwengine uliobidi kupitwa kabla ya huo wa posa, nao ni jando la wavulana na tohara ya wasichana. Msichana ambaye hajakatwa aliitwa msagane, akahesabiwa kuwa mtoto hata akiwa na kimo cha mtu mzima. Na akishakatwa, hata kama ni wa miaka kumi na miwili, alihesabiwa kuwa mwanamke awezaye kuposwa. Wazee wa ukoo, wale wa baraza lao la siri waitalo inchama, ndio waliotoa ruhusa ya mwaka wa kukata. Aghalabu ilikuwa mwishoni mwa mwaka, baada ya mavuno, na ndivyo ilivyobakia: Novemba na Disemba, shule zikifungwa. Basi shika hili, msomaji, tutalirudia.

Sasa tuje kwenye ng'ombe. Kwa Mkurya, ng'ombe waliotolewa kwa ajili ya binti hawakuwa wa kuliwa wala wa kuuzwa. Walikuja kwa dada wakaondoka kwa kaka. Yaani binti akiolewa, ng'ombe wake humwolea kaka yake mke, na binti wa nyumba ile ya pili naye humwolea kaka yake, na mlolongo ukaendelea hivyo nyumba kwa nyumba. Jambo hili lilikuwa na uzuri wake: dada aliheshimiwa sana na nyumba ya kaka, kwani pasingekuwa na yeye nyumba ile isingekuwapo. Lakini tazama na upande wake wa pili. Dada akiteswa na mumewe akataka kurudi kwao, ng'ombe nao hutakiwa kurudi, nao wamekwisha kwenda kwengine! Basi baba, kaka, na hata mke wa kaka, wote wakawa na sababu ya kumwambia: mwanangu, vumilia.

Katika miaka ya 1890 ilipita sotoka, maradhi yaliyofyeka ng'ombe karibu Afrika Mashariki yote. Mifugo ilipokwisha, mahari yalishuka, kwani mtu hatoi asichokuwa nacho. Baadaye mifugo ikazaa tena, mahari nayo yakapanda, na hayakusimama pale yalipokuwa. Wakurya waliingia kwa wingi katika jeshi la Mwingereza, la King's African Rifles, na wengine wakenda kwenye migodi. Mishahara yao ilirudi nyumbani ikageuka ng'ombe, na ng'ombe wakageuka mahari. Ilipofika katikati ya karne ya ishirini, mahari ya Mkurya yalikuwa miongoni mwa mahari makubwa kabisa katika Afrika Mashariki, ng'ombe ishirini na kuendelea.

Kijana asiyekuwa na dada, na ambaye baba yake hana zizi, angefanya nini? Wako waliotorosha: wakapatana na msichana usiku, wakakimbia, wakaja kuomba radhi baadaye wakiwa na mtoto mkononi. Na wako walioiba ng'ombe. Wizi wa ng'ombe ulikuwako tangu zamani, kati ya koo na koo na kati ya Wakurya na Wamasai, lakini Michael Fleisher, mtaalamu aliyeandika kitabu juu ya jambo hili mwaka 2000, ameeleza jinsi ulivyogeuka ukawa biashara, ng'ombe wakipelekwa ng'ambo ya mpaka kuuzwa, na bunduki zikaingia. Hata hivyo kijana mwenye haja ya kuoa alibakia kuwa mmoja wa waliouendesha. Damu nyingi imemwagika kwa ajili ya harusi ambazo bibi arusi mwenyewe hakuulizwa kitu.

Na hapa ndipo palipo na moyo wa maneno yangu. Ng'ombe wakiwa wachache, neno la msichana lilikuwa na nafasi. Walipozidi wakawa ishirini, wakawa thelathini, neno lake lilifunikwa na kwato. Imefika hadi mama mtu mzima aliyekosa mtoto wa kiume, mwenye ng'ombe zake, huweza kumtolea mahari msichana akamleta nyumbani kwake, akamchagulia mwanamume wa kuzaa naye, na watoto wakawa wa nyumba ya yule mama. Dasturi hii yaitwa nyumba ntobhu. Wako wanawake waliojistiri kwayo na ukatili wa waume, nami silikatai hilo. Lakini aghalabu msichana aletwaye ni maskini na mdogo, na sheria ya nchi haiitambui hiyo kuwa ni ndoa, kwani Sheria ya Ndoa ya 1971 yasema ndoa ni ya mwanamume na mwanamke walioridhia.

Watu wa pwani tusijisifu upesi. Sharia yetu imeyafanya mahari kuwa ni mali ya mwanamke mwenyewe, si ya baba wala ya kaka, na Mtume (S.A.W.) aliivunja ndoa ya Khansa binti Khidham alipokwenda kumshitakia kwamba baba yake amemwoza naye hataki. Hayo yamo katika Bukhari, na kila mwanachuoni ayajua. Lakini sisi wenyewe tumeongeza kilemba cha baba, mkaja wa mama, kifungua mlango na mengine yasiyokwisha, mpaka yamekuwa mengi kushinda mahari. Na wangapi katika mama zetu waliozwa wakiwa wametawishwa ndani, hawakumwona mume mpaka usiku wa harusi, ilhali Mtume alimwambia Mughira bin Shuuba akamtazame kwanza yule aliyemposa? Mara waliufunika mdomo wa binti kwa ng'ombe, nasi tuliufunika kwa pazia. Tafauti ipo, lakini si kubwa kama tunavyopenda kujiambia.

Si kwamba hapakuwa na njia nyingine huko Mara. Mwalimu Julius Nyerere, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, kule Butiama, alikuwa amekwisha tolewa ng'ombe na baba yake kwa binti aliyekuwa mdogo sana, kwa dasturi ya zamani. Mwalimu hakuufuata uchumba ule. Alimchagua Maria Gabriel, Msimbiti, aliyezaliwa mwaka 1930 huko Baraki, katika wilaya ya Tarime ya siku zile, ambayo mwaka 2007 ilimegwa na sehemu hiyo ikawa Rorya. Maria alikuwa mwalimu mwenye mshahara wake, akifundisha Nyegina karibu na Musoma. Walichumbiana kabla Mwalimu hajaondoka mwaka 1949 kwenda kusoma Edinburgh, wakangojana zaidi ya miaka mitatu, na wakaoana Januari 1953. Bibi arusi alikuwa na miaka ishirini na miwili, ana elimu na ana kazi, na alijua anaolewa na nani. Watu wa Mara husimulia makubwa ya Mwalimu, lakini hili la uchumba wake mimi naliona halisimuliwi vya kutosha.

Sasa tuseme juu ya sheria, kwani kijana wetu aendaye kwenye miadi yampasa azijue kama anavyojua nauli ya basi. Sheria ya 1971 yasema kwamba ndoa haiharibiki kwa sababu mahari ya kimila hayakutolewa. Basi asije mtu akamtisha kwamba bila ya ng'ombe hapana ndoa, ijapokuwa kwa heshima ya wakwe yampasa azungumze nao. Sheria hiyo hiyo iliruhusu msichana wa miaka kumi na mitano aolewe kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ilivitamka vifungu hivyo kuwa vinakwenda kinyume cha Katiba mwaka 2016, katika kesi aliyoifungua Rebeca Gyumi, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Mwaka huo huo wa 2016 Sheria ya Elimu ilibadilishwa: kumwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari ni kifungo cha miaka 30. Na tangu 1998, kumwingilia msichana aliye chini ya miaka 18 ni ubakaji hata akisema yeye karidhia. Sheria hiyo ya 1998 ndiyo pia iliyokataza kuwakeketa wasichana walio chini ya umri huo, kwa kifungo cha miaka mitano hata kumi na mitano.

Nimeyaeleza haya kwa sababu kule Tarime na Serengeti kimo hudanganya, na maneno ya watu hudanganya zaidi. Kijana ataambiwa, "Huyu ni mtu mzima, amekwisha pitia mila." Nimekwisha kukueleza maana ya maneno hayo: yaweza kuwa maana yake ni miaka kumi na miwili! Basi miadi ya kwanza isiwe na maneno ya mapenzi kabisa. Iwe ni ya kuulizana: una miaka mingapi, unasoma au umemaliza, unaishi na nani, na je, kwenu wanajua kwamba umekuja hapa? Akisita katika swali la shule, kijana ainuke amwage kwa adabu, na asirudi tena.

Tena waonane mchana, mahali penye watu, sokoni au mkahawani au nyumbani kwa mtu mzima mwenye familia. Wala nisidhaniwe kwamba nasema haya kwa ajili ya dini peke yake. Wale waliokwenda kwenye ngoma ya litungu hawakuwa Waislamu, nao walijua kwamba macho ya watu ni bima ya wote wawili. Simu imeyaondoa macho hayo. Watu wawili huweza kusemezana miezi sita na pasiwe na mtu wa tatu anayejua. Kwa hiyo binti yetu wa pwani naye, akiwa mwalimu au muuguzi huko, amwambie shoga yake anakwenda kuonana na nani na wapi, awe na nauli yake mwenyewe ya kurudi, na arudi jua lingalipo. Mwanamume aliyemkasirikia mwanamke kwa kuwa na nauli yake amekwisha jieleza.

Juu ya zawadi na ahadi, watu hawajui kwamba sheria inaingia hata humo. Ahadi ya ndoa iliyovunjwa yaweza kumfikisha mtu mahakamani akadaiwa fidia, na zawadi iliyotolewa kwa ajili ya ndoa ambayo haikuwa, yaweza kudaiwa irudi. Kijana mgeni apendaye kusema "nitakuoa" ili apewe mkono, na ayapime maneno yake. Wala asipeleke mbuzi wala hata shilingi kwa kaka wa msichana "kwa kujuana tu", kabla ya wazee wake kufika. Huko mnyama akiingia zizini amekwisha sema neno, na neno hilo si lako kulifasiri, bali ni la wenye zizi.

Liko jambo zito kuliko yote hayo, nalo ndilo lililonifanya niandike. Huenda msichana huyo, katika miadi ya pili au ya tatu, akamwambia kijana: nyumbani wamepokea ng'ombe za mtu, au wamepanga kunikata Disemba hii, nami sitaki. Wasichana wa namna hiyo si wa kubuni. Kila ufikapo msimu wamekuwa wakikimbia kwa miguu usiku. Huko Masanga, Tarime, kiko kituo cha kuwapokea, na Mugumu ilifunguliwa nyumba salama mwaka 2014. Mmoja wa waliosimama katika kazi hiyo ni Bi Rhobi Samwelly, mwenyeji wa Mara, ambaye mwenyewe alikatwa alipokuwa mtoto na karibu afe. Msimu ukipita, kazi kubwa ya vituo hivyo huwa ni kuzungumza na wazazi, wamkubali mtoto arudi bila ya kukatwa wala kuozwa, na wako wanaokubali.

Kijana wetu, kwa huruma na kwa ujana, atataka kumficha chumbani kwake. Asifanye hivyo. Akimficha, kwa ndugu zake yeye ndiye mtoroshaji, kwa sheria huenda akawa mshitakiwa, na kwa msichana mwenyewe amekuwa mtu mwengine tena wa kumwamulia. Amfuatane mchana, pamoja na mwanamke mtu mzima, mwalimu wake au jirani, mpaka kituo cha polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, au ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya, na hapo aondoke. Asipige picha yake wala asimwambie mtu msichana amepelekwa wapi, hata rafiki aliye naye nyumba moja. Na asimfuate kule kituoni kwa jina la uchumba. Aliyekimbia kuolewa hakukimbilia kwa mchumba mwengine.

Lakini ikiwa msichana ni mtu mzima, amemaliza masomo, kwao wanajua, na yeye mwenyewe kwa ulimi wake asema amtaka, basi mama wa Tanga aache kushika kichwa. Waikoma na Wakurya ni watu, wana adabu zao, na wanawake wao ni wachapa kazi wenye maneno ya wazi, jambo ambalo watu wa pwani hulidhania kuwa ni ukali. Khitilafu za dini kama zipo zizungumzwe mapema, kabla ya mahari na si baada yake. Mzee atafutwe wa kwenda, mtu mzima anayejua kusikiliza, na afuatane na mwanamke mmoja wa ukoo, kwani yako mambo ambayo mama wa binti hatayasema mbele ya wanaume. Wakifika wasianze na hesabu ya ng'ombe. Waombe kwanza binti aitwe, yule mwanamke akae naye pembeni, amuulize kwa faragha kama ameridhia. Na akisema la, au akilia asiseme kitu, wazee waage, wapande basi warudi.